Ralph Bunche, mutu wa mazungumuzo ya pembeni: kutoka Palestina hadi Katanga



Kila mara redio inatuambia kama wakubwa wako Nairobi, wako Luanda, wako Doha, wako Washington, wanazungumuza juu ya inchi yetu na juu ya madini yetu. Tunasikia majina ya hoteli, tunaona picha ya watu wanashikana mikono. Lakini yale yaliyosemwa wakati mulango ulifungwa, hayo hatuyasikii. Njo maana leo tumechagua kuwaelezea maisha ya mutu mumoja ambaye alitumika hiyo kazi ya kusema pembeni kupita wengi wa wakati wake. Jina lake Ralph Bunche. Mbele ya kufika kwetu alikuwa amesimamisha vita ya Palestina. Siku ya uhuru wetu alikuwa Léopoldville, Kinshasa ya leo. Wiki chache nyuma yake alishuka Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kuonana na Tshombe. Tena, hiki Kiswahili tunachoandika hapa, yeye alikijifunza.

Mutoto wa kinyozi

Bunche alizaliwa Detroit, muji wa viwanda kule Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1900. Alikuwa Mumarekani mweusi, na baba yake alikuwa kinyozi. Mama yake aligonjwa, familia ikahamia Albuquerque kutafuta hewa kavu, lakini mu 1917 mama akafa. Ralph na dada yake mudogo wakabakia ku mikono ya mama ya mama yao. Huyo mama muzee alikuwa mufupi wa kimo na mukali wa masomo. Aliwapeleka Los Angeles, akasimamia mujukuu wake hadi akamaliza masomo ya sekondari akiwa wa kwanza.

Makuta ya universite hayakukuwa. Bunche alicheza basketi ndipo apate kusaidiwa masomo, na wakati wa pembeni alifagia majengo ya chuo. Alipokubaliwa Harvard mu 1927, wamama weusi wa Los Angeles walichanga dola 1,000 kwa ajili ya safari yake. Tunalisema hili kwa sababu kuko watu wanaofikiri kama mutu mukubwa anaanguka kutoka mbinguni. Huyu alisukumwa na muchango wa watu wenye mishahara midogo, sawa vile siye tunavyochangia mutoto wa mwenzetu aliyefunikwa na udongo mu shimo.

Mu 1934 alipata udokta wa mambo ya siasa, Mumarekani mweusi wa kwanza kuupata mu hiyo elimu. Kitabu chake cha masomo kilikuwa juu ya namna Ufaransa ilitawala Togo na Dahomey, ambayo leo inaitwa Benin. Wakati huo alikuwa mwalimu mu chuo cha Howard, muji wa Washington, na alikuwa mutu mwenye kupenda mambo ya watumishi. Alisaidia kuanzisha umoja mumoja mukubwa wa watu weusi mu 1936, uliotaka kuunganisha makanisa, mashirika na masendika. Aliandika kama shida ya rangi ina mizizi mu makuta na mu kazi, na kama mutumishi mweusi na mutumishi mweupe wanaogombana wanamufurahisha tu patroni wao wote wawili.

Kisha alirudi Afrika kusoma zaidi. Mbele ya safari alikaa London, na kule mwalimu wake wa Kiswahili alikuwa Jomo Kenyatta, yule ambaye baadaye aliongoza Kenya. Bunche alipita Afrika ya Kusini mu 1937, akaingia Kenya, akakaa kati ya Wakikuyu. Walimupa jina Karioki, ni kusema mutu aliyerudi kutoka kwa wafu. Kwa wazee wa kule, mujukuu wa watu waliouzwa ng'ambo ya bahari alikuwa amerudi nyumbani.

Namna alivyoingia mu Palestina

Wakati wa vita ya pili ya dunia serikali ya Marekani ilimuita juu ya ujuzi wake wa Afrika. Vita ilipokwisha alisaidia kuandika sehemu za Katiba ya ONU zinazohusu inchi zilizotawaliwa, kisha akaingia ONU yenyewe kutumika.

Mu 1947 Waingereza, waliokuwa wanatawala Palestina, walichoka, wakaiachia ONU ule muzigo. Komite ilitumwa kule, Bunche akiwa mumoja wa waandishi wake. Wajumbe walishindwa kukubaliana. Wengi walitaka kukata inchi mara mbili, sehemu ya Wayahudi na sehemu ya Waarabu. Wachache walitaka serikali moja yenye mikoa miwili. Bunche alisaidia kuandika raporo zote mbili, ile ya wengi na ile ya wachache. Tarehe 29 Novemba 1947 ONU ilichagua kukata. Vita ikawaka. Mu Mei 1948 Israeli ilitangazwa kuwa inchi, majeshi ya Waarabu yakaingia, na Wapalestina karibu 700,000 walitoka ao walifukuzwa mu nyumba zao wakati wa hiyo vita.

ONU ilimutuma mupatanishi, Folke Bernadotte, mutu wa jamaa ya mufalme wa Sweden. Bunche alikuwa mukono wake wa kuume. Tarehe 17 Septemba 1948, mu Yerusalemu, watu wa kikundi cha siri cha Kiyahudi walisimamisha gari ya Bernadotte, wakamupiga risasi. Koloneli Mufaransa aliyekaa kando yake, André Sérot, alikufa pia. Ile nafasi ndani ya gari ilikuwa ya Bunche. Alikuwa amechelewa njiani siku hiyo. Nyuma ya hapo, kazi ya mupatanishi ilikuwa ku mabega yake.

Siku 42 mu hoteli moja

Mu Januari 1949 Bunche aliita wajumbe wa Misri na wa Israeli ku kisiwa cha Rhodes, kule Ugiriki, mu hoteli inayoitwa Hôtel des Roses. Watu wa Misri hawakutaka hata kuwaangalia wale wa Israeli. Wakikutana mu kolidori waligeuza uso. Basi Bunche akaanza na milango. Kila upande ulikuwa na vyumba vyake, na yeye alipita kutoka mulango hadi mulango, mutu kwa mutu, akisikiliza na kuandika. Asubuhi alipeleka karatasi huku, mangaribi aliirudisha imesahihishwa, usiku aliipeleka kule. Mazungumuzo ya wote pamoja yalikuja pole pole, ya kwanza mu chumba chake mwenyewe, mafupi, juu ya mambo madogo.

Hapa kuko ufundi ambao kila delege wa sendika anapaswa kuujua. Bunche hakuanza na mupaka, wala na Yerusalemu. Alianza na kuwafanya waitikie orodha ya mambo ya kuzungumuza. Ilikuwa karatasi bure, lakini watu wenye chuki walikubaliana juu ya kitu kimoja, na mukono ulianza kuzoea kutia sahihi. Akaongeza jambo la pili, la tatu. Saa za mapumziko alicheza nao biliadi. Kulala kulikuwa kidogo, mikutano mingine ilipita usiku wa manane.

Waliomujua walielezea pia habari ya masahani. Alikuwa ameagiza ku mafundi wa udongo wa Rhodes masahani mazuri yenye kuandikwa juu ya mazungumuzo hayo, akayafungia mu kabati. Siku moja mambo yalikwama, wajumbe wakataka kwenda kwao. Bunche aliwafungulia kabati. Aliwaambia kama wakitia sahihi kila mumoja atapeleka sahani nyumbani, na wakikataa atawapasulia masahani hayo ku vichwa. Walicheka, wakarudi ku meza.

Tarehe 24 Februari 1949 Misri na Israeli walitia sahihi. Kulikuwa waaskari wa Misri karibu 4,000 waliozungukwa ku Faluja, mumoja wao kijana Gamal Abdel Nasser, aliyetawala Misri nyuma. Mukataba uliwafungulia njia, wakarudi kwao wazima. Libani ilitia sahihi tarehe 23 Machi, Transyordani tarehe 3 Aprili, Siria tarehe 20 Julai. Bunduki zilinyamaza. Mu 1950 Bunche alipewa tuzo la Nobel la amani, mutu mweusi wa kwanza mu dunia nzima kulipata.

Mambo ambayo yalibakia inje ya chumba

Kama tungesimama hapo, tungeandika sifa tupu. Lakini tuangalie pia ni nani hakukuwa ku meza.

Ku Faluja, pamoja na waaskari, kulikuwa wakaaji, watu karibu 3,000 wa vijiji viwili. Barua zilizofungamana na mukataba zilisema kama watakaa salama ku mashamba yao. Waaskari wa Misri waliondoka na bendera zao. Mu majuma machache wakaaji walitishwa, walipigwa, nao wakaondoka. Ahadi ilikuwa imeandikwa vizuri, lakini hapakuwa mutu mwenye nguvu aliyebakia pale kuilinda.

Habari ya pili ni ile ya Transyordani, inayoitwa leo Yordani. Ku Rhodes wajumbe wake na wale wa Israeli walikaa ku meza, walisoma makaratasi, lakini hayo yalikuwa maonyesho. Kazi yenyewe ilikuwa inafanyika fasi ingine. Mu Machi 1949 watu wa Israeli walivuka usiku, mara kadhaa, hadi Shuneh, nyumba ya mufalme Abdullah mu bonde la Yordani. Walikula na mufalme, kisha wakafungua ramani. Israeli ilitaka kipande cha inchi kilichokuwa kinalindwa na waaskari wa Irak waliokuwa karibu kurudi kwao, na ilionyesha kama iko tayari kukikamata kwa nguvu. Mufalme aliitikia. Yaliyopatana usiku Shuneh yalipelekwa Rhodes kutiwa sahihi mchana. Bunche alijua kuko njia hiyo ya siri. Hakuifunga, sababu yeye alitafuta sahihi, na sahihi ilitoka huko.

Mu kile kipande kulikuwa vijiji zaidi ya kumi vya Wapalestina. Hapana muzee wa kijiji hata mumoja aliyeitwa Shuneh, na hapana aliyeitwa Rhodes. Wengine waliamuka asubuhi nyumba iko huku na shamba liko ng'ambo. Kijiji kimoja, Barta'a, kilikatwa katikati, jamaa moja ikabakia mu inchi mbili. Siye wa Goma, wenye kuishi na mupaka wa Gisenyi ku mulango, tunaelewa maana yake bila mwalimu. Mufalme Abdullah mwenyewe aliuawa na Mupalestina tarehe 20 Julai 1951, ku mulango wa musikiti wa Al-Aqsa, Yerusalemu.

Kila karatasi ya 1949 iliandikwa kuwa ni kusimamisha vita tu, hatua ya kwenda ku amani yenyewe. Amani hiyo haikufuata. Mu 1967 vita ingine ilikuja, na ile mistari ikavukwa.

Bunche mu Congo

Sasa tufike kwetu. Mwisho wa Juni 1960 Bunche alikuwa Léopoldville, ametumwa na Dag Hammarskjöld, mukubwa wa ONU, kwa sikukuu ya uhuru. Alifikiri atasaidia serikali mupya mambo ya wataalamu. Majuma mawili hayakutimia, waaskari waliasi, na tarehe 11 Julai Tshombe alitangaza kama Katanga imejitenga. ONU ilituma majeshi, na mu siku za kwanza Bunche njo aliyeyaongoza hadi jenerali alipofika.

Sababu ya Katanga kila muchimbaji anaijua. Shaba ilikuwa kule. Union Minière ililipa kodi zake ku Elisabethville, haikuzilipa tena ku Léopoldville, na kwa makuta hayo Tshombe alilipa waaskari wa kizungu. Lumumba alitaka ONU iingie mara moja. Tarehe 4 Agosti Bunche aliteremka Elisabethville kuzungumuza na Tshombe na watu wake. Alirudi na habari kama waaskari wa ONU wakijaribu kuingia watapigwa, na akashauri kungoja. Hammarskjöld alisimamisha safari ya jeshi. Siku chache nyuma, Hammarskjöld mwenyewe alipeleka waaskari wa kwanza wa Sweden, na Tshombe akawaacha waingie, lakini akabakia ku kiti chake.

Lumumba alikasirika sana. Aliona kama ONU inasema pembeni na mutu aliyeasi na kumuacha serikali halali inje ya mulango. Bunche na Lumumba hawakusikilizana tena, na mwisho wa Agosti Bunche alirudi New York. Mu Januari 1961 Lumumba aliuawa kando ya Elisabethville. Usiku wa tarehe 17 Septemba 1961, Hammarskjöld alikuwa mu ndege kwenda kuonana na Tshombe. Ndege ilianguka karibu na Ndola, akafa. Ilikuwa miaka 13 kamili tangu Bernadotte kuuawa. Mara ya pili Bunche alipoteza mukubwa wake ku njia ya mazungumuzo.

Desemba 1961 alirudi. Waaskari wa ONU na wale wa Katanga walikuwa wanapigana mu Elisabethville, Tshombe akaomba Marekani imusaidie kukutana na waziri wa kwanza Cyrille Adoula. Balozi wa Marekani, Edmund Gullion, alimupeleka ku kambi ya Kitona, karibu na bahari. Bunche alikuwa pale kwa jina la ONU. Mazungumuzo yalikaribia kuvunjika, wakaingia kati, na mu masaa ya kwanza ya tarehe 21 Desemba Tshombe alitia sahihi mambo 8. Alikubali inchi moja, raisi mumoja na sheria moja.

Alipofika kwake alisema kwanza wabunge wa Katanga waangalie ile karatasi. Mwaka muzima ulipita mu maneno, na shaba iliendelea kutoka. Katanga ilirudi mu Januari 1963, kwa nguvu ya jeshi la ONU. Ku Kitona walikuwa wanasiasa, balozi na watu wa ONU. Wachimbaji wa Kolwezi na Jadotville, ambao jasho lao lililipia vita yote hiyo, walingoja habari ku redio.

Namna tunavyomupima

Bunche alitumikia ONU hadi mwisho. Mu 1965 alitembea ku Selma pamoja na Martin Luther King, akidai weusi wa Marekani wapige kura, hata kama mwili ulikuwa umechoka na ugonjwa wa sukari na macho yalikuwa yanazimika. Alikufa New York tarehe 9 Desemba 1971.

Kuko watu watakaosema kama mazungumuzo ya pembeni ni uongo wote. Siye wa sendika hatusemi vile. Tunajua kuko siku ambapo patroni hawezi kurudi nyuma mbele ya macho ya watumishi wake, na delege hawezi kushusha madai mbele ya wenzake wenye hasira, lakini wakikaa wawili ku kando, njia inaonekana. Bila kolidori ya Rhodes, wale waaskari wa Faluja wangekufa na njaa. Watu wengi mu inchi tano walilala usingizi mu 1949 juu ya mutu aliyebisha mulango kwa mulango bila kuchoka.

Lakini chumba cha pembeni ni cha kufungulia njia, si cha kugawia inchi ya watu ambao hawako. Pale Bunche alitumia kolidori kwa kufikisha maadui ku meza ya wote, kazi yake ilisaidia. Pale meza ya wote ilikuwa ya kufunikia tu mapatano ya Shuneh, wanavijiji njo waliolipa deni. Tunafikiri Bunche aliliona, na tunafikiri alichagua kunyamaza ndipo bunduki zinyamaze. Ni uchaguzi mugumu. Hatumutupii mawe. Lakini watoto wa Barta'a wana haki ya kuuliza.

Basi na siye tuulize. Siku moja watakuja kutuambia kama mambo ya koltani ya Rubaya na kasiteriti ya Walikale yamepatana, ku hoteli fulani, mu inchi fulani. Siku moja pia, ku kariere yetu ndogo, delege wetu ataitwa peke yake na mukubwa wa kazi. Kwa wote wawili, balozi na delege, maulizo ni matatu. Nani alikuwa ndani ya chumba? Kile kilichoandikwa, sisi tutakisoma lini, na mu luga gani? Na ahadi iliyofanywa kwa wale waliokuwa inje, nani atabakia hapa kuilinda? Mutu akishindwa kujibu hayo mbele ya wachimbaji, tumurudishe mu kile chumba aende kuuliza, mbele hatujatia sahihi.